Kifua Changu na Safari ya Kampala

S.L.P. 118,
Malaba.
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mpendwa kaka Mulama,

Salamu zikufikie kutoka kwangu, kwa Among na kwa watoto. Mwili unaendeleaje? Mama aliniambia mgongo ulikusumbua tena mwezi wa sita, na kwamba joto la huko Doha sasa ni la kupika mtu. Natumai umepata nafuu na wamekupunguzia zamu za mchana. Sisi tuko wazima. Mvua ilituchezea kidogo, lakini mahindi ya Bukhayo yamekomaa vizuri na Mama ameanza kuvuna. Mguu wake unavimba akisimama sana, ila kukaa hataki. Unamjua.

Utashangaa kupata barua. Nilijaribu kukurekodia sauti kwenye simu mara nne, nikafuta zote nne. Mnaishi watu sita chumba kimoja, na wewe hufungulia simu sauti mpaka mwisho. Haya si ya kusikiwa na watu sita. Omuse anarudi huko Jumamosi, likizo yake imeisha, na ameahidi kukupa bahasha hii mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Na kabla hujaanza kukunja uso, siombi pesa. Hiyo tumejipanga mimi na Among.

Kaka, nafikiria kwenda kufanyiwa upasuaji wa kifua. Siumwi. Ni yale matiti. Nimeandika neno hilo nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi, kwa hiyo mwandiko ukiharibika nivumilie. Ninayo tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Sasa nina thelathini na saba, na sijawahi kuyataja mbele ya mtu yeyote wa kwetu.

Wewe unayajua. Ni wewe uliyenivua shati pale shuleni tulipokuwa tunabadilisha nguo za mpira, ukaniita Kukhu. Watu walicheka kwa sababu kweli nilifanana na kukhu, nyanya mzee. Ulikuwa na miaka kumi na tano, sikulaumu. Lakini jina lilibaki. Mpaka leo nikishuka stendi ya Busia kuna mtu wa kuniita Kukhu kutoka ng'ambo ya barabara, na wengi hawajui hata lilitoka wapi. Wanadhani ni jina la mapenzi. Wewe pia ukipiga simu ndivyo unavyoanza, nami hucheka. Tukimaliza kuongea huwa sina hamu ya kula. Sijawahi kukwambia. Nakuomba uniite Callistus.

Hujui pia kwamba jua la Malaba likiwa utosini, mimi ndani ya shati nina vesti mbili, na juu yake jaketi la kazi. Pale yadi wanasema naringia jaketi. Among nimeishi naye miaka tisa, na miaka tisa nimelala na vesti.

Mwezi wa pili foleni ya malori ilikuwa ndefu sana, nami nilikuwa natembea kandokando yake na makaratasi ya forodha, lori hadi lori. Nikasikia masikio yanavuma. Nikaanguka. Aliyenidaka ni Odeke, yule dereva wa Soroti uliyemwona kwenye harusi yangu. Alinivuta kivulini chini ya trela yake, akawa ananimwagia maji kwa mkono mmoja na kunifungua vifungo kwa mwingine ili nipate hewa. Nilizinduka nikakuta mkono wake umeshika vesti ya pili.

Nilimpiga, kaka. Ngumi ya mdomo. Jino likatoka.

"Callis, ni mimi," alikuwa anasema huku damu inamtoka. "Ni mimi, ni Odeke."

Nilijua ni yeye. Kwa watu nilisema nilikuwa sina fahamu, lakini nilikuwa nazo. Nilijua ni yeye na bado nikampiga.

Tulipelekwa wote wawili kliniki moja, yeye na jino lake ndani ya kitambaa. Daktari wa pale ni mama mmoja anaitwa Apeduno, mtu asiyezungusha maneno. Alinipima presha, akanisikiliza kifua, halafu akaniuliza, "Ulianza kuwa nayo lini?"

"Kuwa na nini?"

"Mzee, nina wagonjwa nje. Matiti."

Nikamwambia. Akauliza kuhusu dawa ninazokunywa, pombe, ini, kama yanauma, kama yanatoa kitu. Akatuma damu yangu ikapimwe, na majibu yaliporudi hakukuwa na ugonjwa wowote. Akasema hutokea, mwili wa kijana ukibadilika huotesha hivyo, kwa wengine yanaondoka na kwa wengine yanabaki.

"Wanaume walio nayo ni wengi kuliko unavyofikiri," aliniambia. "Wote wamevaa jaketi. Ukitaka kuishi nayo utaishi. Ukitaka yaondolewe, kuna wanaoyaondoa."

Miaka ishirini na minne, Mulama, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jambo hili huwapata wengi na lina daktari wake.

Ungefikiri nilifurahi. Ndipo nilipopoteza utulivu kabisa. Jumatatu naenda, Jumanne siendi. Nikiwa kanisani naona ni kiburi, mtu mzima na watoto wake kwenda kujirekebisha umbo kama anayeshona suti. Nikiwa kazini jasho linanishuka mgongoni na naona ni ujinga kungoja hata siku moja. Nilipeleka makaratasi ya lori la sukari kwa lori la saruji, na bosi akaniuliza kama nimeanza kunywa. Nilisoma kwenye simu habari za watu waliotoka kwenye upasuaji wakiwa wazuri, na za waliotoka na upande mmoja umebonyea, mpaka Among akaninyang'anya simu akidhani nina mwanamke. Hapo ilinibidi nimweleze. Alinirudishia simu, akaenda kukamua ng'ombe.

Mwezi wa tano nilivuka upande wa Uganda, nikapanda basi mpaka Kampala kuonana na daktari wa upasuaji ambaye Apeduno aliniandikia. Nilichagua Kampala kwa sababu Eldoret na Kisumu ningekutana na mtu wa kwetu kwenye benchi. Yule daktari ni kijana mpole. Alinichora mistari ya kalamu ya buluu kifuani, akanionyesha atakapopasua na atakapovuta. Kisha akaliona lile kovu la bega, lile la waya wa ua wa mwalimu, lililovimba likawa kama kidole. Akaligusa kwa muda mrefu.

"Ngozi yako inaweza kufanya hivi tena," akasema. "Inaweza pia isifanye. Tutaficha mikato pembezoni na tutakufuatilia, lakini siwezi kukuahidi."

Nilipanda basi kurudi na hayo maneno na hiyo mistari chini ya vesti. Je, nikiondoa uvimbe mmoja nikapata mwingine, nitakuwa nimefanya nini?

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilifunga mlango wa chumba, nikavua jaketi, shati, vesti ya kwanza na ya pili, nikamwonyesha Among mistari. Mchana kweupe. Aliitazama, akaufuata mmoja kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huyu daktari huchora vizuri," akasema.

Nikamwuliza anataka niende au nibaki.

"Nani alikuuliza mimi nataka nini miaka yote hii? Ulivaa vesti ukanijibia." Alikuwa amekasirika, macho yamejaa machozi. "Ukienda nitaenda na wewe, nikae mlangoni. Lakini usikie vizuri. Ukirudi na makovu ukaanza kunificha na hayo, mimi narudi kwetu Amagoro na watoto wangu."

Siku hiyo nililala bila vesti. Sikupata usingizi mzuri, nilikuwa nahisi baridi ambayo haipo.

Wiki mbili zilizopita nilienda Bukhayo kumsaidia Mama kuvuna. Tulikuwa tunamenya mahindi uwanjani, nikaona nimwambie, asije akasikia kwa watu kwamba nimelazwa. Nilitegemea atasema nimemkosoa Mungu. Hakusema. Alimenya mahindi mawili, matatu, halafu akasema, "Baba yenu alikuwa nayo."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba yenu alikuwa nayo kama hayo yako. Unafikiri kwa nini kwenye kila picha ana koti?"

Kaka, mimi nilikuwa na miaka minne Papa alipofariki, wewe sita. Tumekua tukiulizwa kwa nini mwanaume wa Sio Port aliacha ziwa na shamba la baba yake akaja kuishi kwa wakwe kama mgeni. Unakumbuka wajomba walivyotusimanga. Basi sababu ni hiyo. Mama anasema kule wanaume walivuta nyavu kifua wazi, na Papa alikataa kuvua shati, na wenzake wakamtungia wimbo. Nilimwuliza wimbo ulisemaje, akakataa kuniambia. Alivumilia misimu miwili, akauza mtumbwi, akaondoka. Kwao wakasema mke amemlisha dawa. Mpaka mazishini walisema hivyo mbele ya jeneza, na Mama akanyamaza.

"Kwa nini hukuwaambia ukweli?" nikamwuliza.

"Haikuwa yangu kusema."

"Na mimi? Mimi hukuniambia."

"Wewe ulikuwa unafunika vizuri sana," akasema. "Nikaona hutaki nijue."

Tulimenya mpaka gunia likajaa. Nilipokuwa naondoka aliniambia nibebe sweta, kwamba Kampala asubuhi kuna baridi. Hakusema niende wala nisiende.

Nitakuambia ukweli, habari hiyo ilinivuruga upya. Papa simkumbuki hata sauti. Sina saa yake, sina kofia yake. Kwa siku kadhaa nilitembea nikijiambia kwamba hiki ndicho kitu pekee alichoniachia na mimi nataka kwenda kukikata. Nilijitazama kwenye kioo cha Among kila asubuhi. Sijawahi kujitazama hivyo. Nilikuwa namtafuta yeye.

Halafu nikafikiria maisha aliyoishi. Mtu alipenda ziwa, akaliacha kwa sababu ya shati. Mke wake alitukanwa mbele ya jeneza lake kwa sababu ya shati. Na mimi nimemvunja rafiki yangu jino.

Ijumaa nilimtafuta Odeke. Nilimkuta ameegesha trela anakula. Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, kwa nini nilimpiga. Alinitazama na lile pengo lake, akaanza kucheka mpaka chakula kikampalia.

"Wewe! Mimi miezi hii yote najua ulificha dola huko ndani. Nikasema huyu jamaa hata akifa hatanionyesha."

Nilicheka naye. Nilicheka kweli, mpaka nikaishika trela.

Kwa hiyo nimeamua. Naenda, na upasuaji ni Alhamisi ya tarehe 28, saa tatu asubuhi. Usidhani woga umekwisha. Asubuhi ya leo nimeoga mara mbili bila sababu, na nikiwaza kovu naweza kughairi nikiwa kwenye mlango wa basi. Lakini tangu Ijumaa kila ninaporudi kujiuliza, jibu nalikuta palepale. Yakitokea makovu, nitakuwa nayo wazi, mimi na mke wangu tumeelewana hivyo.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonikalisha chini leo. Hospitali ilinipa karatasi ya kujaza. Wanataka majina mawili, la mtu atakayekuwa nami pale, na la ndugu wa damu wa kupigiwa simu mambo yakienda vibaya ili Among asibaki kuamua peke yake. La kwanza liliandikwa zamani. La pili lilikaa wazi wiki mbili. Mama simu yake haishiki chaji, na dada yetu Roselida angeondoka Khunyangu mbio akilia njia nzima. Jana nimeandika jina lako na namba yako. Chini yake kuna swali, kama ndugu huyo anajua ninaenda kufanyiwa nini. Kuna visanduku viwili. Nilikitia alama cha ndiyo kabla sijafikiri, halafu nikakaa naitazama ile alama.

Ndiyo maana nimekuandikia, isiwe uongo. Ukiona namba ya Uganda siku hiyo, pokea.

Mama anakusalimu, na anasema uache kubeba vitu vizito. Roselida na watu wake wa Khunyangu wanakusalimu, Among pia, na Odeke ambaye hakujui vizuri lakini amesisitiza nimwandike. Mpe Omuse asante yangu. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa na afya njema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,

Callistus Wesonga