Kisima cha baba mkwe Tottenham

Jumamosi usiku

Mara ngapi nimemwambia baba mkwe kwamba hapa maji yapo bombani. Hasikii. Amekuja kutoka Tanga na nia ya kumchimbia marehemu mkewe kisima cha sadaka, na bustani yetu imemtosha.

Leo shimo likiwa la kiunoni tu, sururu ikatoboa bomba la mtaa, maji yakaruka. Akasujudu kwenye tope, akayaonja.

"Matamu, mwanangu. Ila yana dawa kidogo."

Nikaingia ndani kuwapigia simu watu wa maji.

Jioni majirani wakaja na ndoo, kwao yamekatika. Akawachotea, akawaomba wamwombee marehemu mama mkwe. Hata mchungaji wa kanisa la jirani ameitikia amina.

Watu wa maji wanakuja kesho. Baba ameshawaandalia vikombe.