Jina la Donal, Mguu Wangu

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Mvua. Goti la kulia limenuna. La kushoto linacheka kama kawaida — mguu huo siku ya kiama Mungu ataomba autazame kwanza, mengine baadaye.

Paroko alitangaza jana: Donal Tansey amefariki New York. Binti yake analeta majivu yazikwe kwenye kaburi la mama yake Donal, hapa Cloonbrack. Misa Jumamosi.

Donal. Sikuwahi kuwa na rafiki mwema kuliko yeye, wala kuona mchezaji mbovu kuliko yeye. Mpira ukimjia, aliukwepa kama nyuki.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimemwambia Attracta, mke wangu, sitaki uji. Akasema basi mume wangu anaumwa. Siumwi. Nawaza Juni 1979.

Niandike tu, nani atasoma? Mwaka ule nilifungiwa miezi sita nisicheze mpira wetu wa Kiayalandi, ule wa mikono na miguu. Refa alidai nilimpiga. Nilimgusa — kosa lake alikuwa mwepesi. Kocha mmoja wa New York akasikia kuna farasi amefungwa zizini huku Leitrim, akatuma tiketi. Enzi zile ndivyo ilivyokuwa: Ijumaa unapanda ndege, Jumapili unacheza fainali kwa jina la mtu, Jumatatu uko nyumbani unakamua ng'ombe.

Jina nililopewa: Donal Tansey. Alikuwa mwashi kule. Timu ilikuwa imemsajili ili kujaza orodha, na sasa goti lake la kushoto lilikuwa limesagika, alianguka kazini. Akanipa kadi yake, jezi yake na kitanda chake. Yeye akalala sakafuni.

Na nilicheza! Magoli mawili wavuni, pointi saba juu ya mwamba. Nimecheza miaka kumi na tisa, jezi ya Leitrim nimeivaa mara arobaini na moja, siku kama ile sikuipata tena. Mpira ukipanda, napanda nao, nauchuma kama tofaa mtini, watu watatu wakining'inia mabegani. Goli la pili nilikimbia nusu uwanja — mpira mkononi, ncha ya kiatu, mkononi tena — kisha kushoto, juu ya bega la golikipa. Uwanja mzima: Tansey, Tansey. Nikainua mkono kuwapungia. Ndipo nikakumbuka si mimi.

Donal alisimama pembeni, kofia usoni, anapiga makofi. Anajishangilia mwenyewe.

Medali ya ubingwa nilimwachia. Nilimwapia sitasema. Sikusema.

Jumatano, 4 Oktoba

Dukani. Packie Gilrane, aliyekuwa beki wetu, ananingoja na ulimi wake.

"Malachy, rekodi yako mechi moja ni ngapi?"

"Moja na nne. Unajua vizuri."

"Na Tansey? Mawili na saba. Gazeti lilisema. Kumbe bwana, aliyekuwa bora parokia hii alikwenda ng'ambo, tukabaki na wewe."

Duka zima likacheka. Nikanunua mkate nikatoka. Kupitwa na mtu si kitu. Kupitwa na mimi mwenyewe, na nisiweze kusema!

Gazeti lenyewe nalijua. Mama yake Donal aliikata habari ile akaibandika jikoni, kando ya picha ya Moyo Mtakatifu. Kila Krismasi nikienda kumpasulia kuni ananionyesha. "Wewe ni mzuri, Malachy mwanangu. Lakini umeona wangu?" Nimeona, mama. Miaka kumi na minne niliona.

Nina miaka sabini na mmoja. Nataka kulisema mara moja tu kabla sijafa. Mara moja.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tumemzika. Medali ililala juu ya kisanduku cha majivu kanisani. Niliitazama kuliko nilivyotazama altare, Mungu anisamehe.

Binti anaitwa Nuala. Mwalimu. Ana mikono ya baba yake, mipana kama sepetu. Amenikamata langoni.

"Wewe ndiye Malachy Cryan? Baba aliniambia wiki ya mwisho. Ukifika nyumbani mtafute Malachy, yeye anaijua siku ile yote."

Nikamwambia karibu kesho, chai.

Donal, mshenzi wewe. Umemtuma kwangu asikie nini? Niupambe uongo wetu, au niutoe ukweli? Ungeacha hata neno moja.

Nimemwambia Attracta. Hatimaye! Hata kisu hakukisimamisha, akaendelea kumenya viazi.

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Uliniaga unakwenda mnadani Athlone, kutazama ndama. Ukarudi Jumatatu pua imebabuka kwa jua. Mvua ilinyesha Athlone siku zote tatu."

"Miaka arobaini na minne hukuniuliza?"

"Nilitaka kuona utaweza mpaka lini."

Jumapili, 8 Oktoba

Amekuja saa tisa alasiri. Ameleta keki. Akaweka medali mezani, katikati ya siagi na jemu.

"Nieleze goli la pili, mzee wangu. Baba alikuwa hamalizi. Akifika hapo alicheka tu."

Nikaanza. Na nilikuwa mzuri, sifichi. Baba yako akauchuma hewani, nikasema. Watatu mabegani. Baba yako akakimbia nusu uwanja. Nilisimama kuonyesha, nikagonga kabati la vyombo. Kisha baba yako — kushoto, juu ya bega la golikipa.

Hakucheka. Akageuza medali taratibu.

"Mama aliniambia Baba alianguka kazini Aprili ya sabini na tisa. Mguu wa kushoto. Hakuweza hata kupanda ngazi bila kushika ukuta." Akanitazama usoni. "Hapa imeandikwa Juni."

Attracta aliacha kumimina.

Nikasema Juni? Ngoja nikachukue miwani nione.

Sasa niko chumbani, nimekaa kitandani, naandika. Miwani iko puani. Namsikia Nuala anauliza kama nimeudhika. Attracta anamjibu hapana mwanangu, mwache, anapasha misuli moto.

"Malachy, chai inapoa."

Nakuja. Nataka kufunga daftari, mkono mmoja haufunguki. Kumbe medali nimekuja nayo, nimeifumbata. Sijawahi kuishika tangu siku ile. Ni nyepesi mno —