Mama Mkubwa Anataka Kukusikia Wewe Mwenyewe

Mtaa wa Eşrefpaşa,
Izmir.
12 Oktoba, 1998

Mpendwa ndugu yangu Nejat,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na huo mgongo, bado unakusumbua, au baridi ya Dortmund imeshaugandisha ukatulia? Mimi ni mzima. Tumbo limenitangulia kidogo, lakini akina mama wa sokoni bado wananiita kijana. Usicheke, mashahidi ninao.

Bi Şükran, jirani yetu, anaruka kesho kwenda huko kwa binti yake, naye ndiye atakayekutia barua hii mkononi. Kwenye simu, nikimtaja tu mama yako, unakumbuka una chungu jikoni. Karatasi haina haraka.

Mama yako, Mama Mkubwa wangu, anaumwa moyo, Nejat. Alhamisi hii wanataka kumpasua. Basi Ijumaa iliyopita akaniambia nimpeleke Konak, kwenye ule msikiti mdogo wa uwanjani, akawaombe watu wamhalalishie haki zao, wamsamehe aliyowakosea, kabla ya kisu, kama afanyavyo kila mtu. Nikamwambia twende msikiti mkubwa, kuna nafasi na viti vya kupumzikia. Huu wetu ukiingia na bibi mnene umejaa. Akasema, “Huu aliujenga mwanamke. Nipeleke hapo.” Nikampeleka.

Akakaa mlangoni, chini ya vigae vya buluu. Wanaume walipotoka kuswali, wakisukumana kutafuta viatu, akawa anamwambia kila mmoja, “Mwanangu, kama nina haki yako, nihalalishie.” Nao wakajibu, “Halali yako, mama, halali yako.” Hamdi, yule muuza mikate ya ufuta, akapiga kelele: “Mama Müzeyyen, mimi nimekuuzia mikate ya jana miaka yote hii! Wewe ndiye unihalalishie mimi!” Mama akamjibu, “Nilijua. Njiwa ndio waliokula.” Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka kuwazidi wote.

Kisha akauliza taratibu, kama anauliza saa, “Na Nejat wangu?”

Ndugu yangu, unanijua. Mimi ni Rıfkı, niliyepika melini mpaka nahodha wa Jenoa akalilia supu yangu. Nimetenganisha walevi wa Odesa kwa mwiko tu. Lakini pale ujanja uliniisha. Nikapaza sauti, “Halali yako, Mama Mkubwa! Nejat kanituma niseme!”

“Kakutuma lini?”

“Juzi. Kwa simu.”

“Muongo mkubwa wewe. Tangu mtoto, ukidanganya unapiga kelele.”

Akamgeukia imamu, kijana mwenye vindevu vya juzi, akamuuliza kama mtu anaweza kusemewa. Nilimkonyeza yule imamu, nikamkonyeza tena, nusura jicho linitoke. Akainamisha kichwa. “Haki ni ya mwenyewe, mama. Mwingine hawezi kuitoa.” Nilitaka kumkaba. Lakini angesema nini, maskini?

Tulikaa kwenye benchi. Nikamnunulia chai, hakuigusa. Akasema, “Nilimpandisha treni ya kwenda Ujerumani ana miaka kumi na moja, nikabaki na mdogo wake kwa sababu alikuwa mgonjwa wa kifua. Hakulia. Angelia ningemshusha.” Basi. Nilibaki kufukuza njiwa kama mjinga.

Sisemi alifanya vyema. Sijui. Mimi nilibaki hapa nikila bilinganya zake, wewe huko ukijifunza lugha ya watu peke yako uani mwa shule. Nani mimi nikuamulie? Shule yenyewe niliikimbia.

Ila sasa anasema haendi kupasuliwa mpaka akusikie. Daktari kamgombeza, Tarık mdogo wako kalia, mimi nimechekesha mpaka vichekesho vimeniisha. Kichwa chake unakijua, ndicho alichokurithisha. Nikamuuliza, je, Nejat akikataa? Akasema, “Akikataa aniambie mwenyewe. Hata hiyo ‘hapana’ yake nitaingia nayo. Kimya chake ndicho siwezi kuingia nacho.”

Kwa hiyo sikuombi umsamehe. Hilo si langu. Nakuomba upige simu, useme lolote lililo moyoni mwako. Likiwa chungu, liseme hivyo hivyo chungu.

Tarık na mkewe wanakusalimu, Hamdi naye, na mama yangu anakubusu machoni. Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awape afya, akulainishie mgongo na yote yaliyokaza.

Simu tumeivutia waya mpaka kando ya kitanda chake. Mimi nimekatazwa kuigusa. Ikilia, anasema, atainuka mwenyewe.

Nduguyo akupendaye, hata ukinikatia simu,
Rıfkı