Masika Mmoja Tu

Jumatatu, 2 Septemba
Misa. Kuchota maji. Kisha lango la chuo, kama kila siku. Majina ya waliopokelewa kwa masomo ya udaktari hayajabandikwa bado. Sista aliyetufundisha biolojia alisema nisiogope. Siogopi. Kesho narudi.

Jumatano, 4 Septemba
Yamebandikwa. Masika Neema hayupo kampasi ya Butembo. Yupo kampasi ya Beni. Sikuomba Beni! Nilicheka peke yangu mbele ya ukuta kama mjinga.

Alhamisi, 5 Septemba
Ofisini. Karani, mama wa sauti kubwa, amenieleza. Mwaka huu mashini, yaani kompyuta yao, inawasaka wanaoomba kampasi mbili. Ikimwona mtu mara mbili inaunganisha mafaili, inabakiza ombi la mwisho. Kumbe kuna Masika Neema wa Oicha, upande wa Beni, wa umri wangu, aliyeomba Beni baada yangu. Pointi zangu za mtihani wa Serikali zimeingia kwake. Zake hazikutosha.
Kwetu Wanande kila binti wa kwanza ni Masika. Nani asiyejua?
“Hata miye niko Masika,” karani alisema, akacheka mpaka akafuta machozi. “Mashini haijue kama tuko bengi. Mukuje bote wawili mbele yangu. Jumatatu saa sita, mwisho.”
Amenipa namba ya simu ya mwenzangu.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimempigia. Sauti laini. Alifurahi, akaniita dada. Kesho atapanda pikipiki asubuhi. Mama ametwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili yake. Nimefua sketi ya shule. Nampenda tayari.

Jumamosi, 7 Septemba
Hakuja. Simu yake imezimwa. Pikipiki za Beni zote zilipita nikiwa langoni. Niliifikiria ile barabara inayoviziwa na waasi, nikaogopa. Nimemsalia rozari nzima. Karani alipofunga ofisi alinipita akiita: “Masika! Ule Masika yako, ulimuota?” Wenzangu wa shule waliokuwepo walicheka. Wanaanza masomo hapa, wote watatu.

Jumapili, 8 Septemba
Amepokea simu. Nyuma yake kulikuwa na muziki. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kwamba yuko hai. Aliningoja nimalize.
“Nikikuja tutakuwa wawili, dada. Sasa tuko mumoja. Na ule mumoja njo miye.”
Nilimwambia pointi ni zangu.
“Weye uko na akili, utaomba tena mwaka kesho. Miye nikibakia hapa, papa yangu ataniozesha. Mbuzi zimeisha kufika.”
Akakata.
Namchukia. Mbuzi zake hazinihusu. Sombe tumekula wenyewe. Sikusikia ladha.

Jumatatu, 9 Septemba
Nilikwenda peke yangu. Nilieleza yote, hata habari za mbuzi. Karani hakucheka leo. Alisema anaona sura moja, na sura moja ni mtu mmoja. Saa sita ilifika. Akafunga dirisha.

Jumatatu, 4 Novemba
Vuhovi, shambani kwa bibi. Tunavuna maharagwe. Mvua imenyesha kidogo, udongo unashika miguu.
Ujumbe umeingia, wa kutoka Beni. Masika ana mtihani mdogo kesho. Anauliza damu inapitaje katika moyo, maana profesa anakwenda mbio naye haelewi.
Nilikaa kwenye tuta. Nikaandika jibu lote, kila chumba na kila mshipa kwa jina lake. Nilisoma tena kabla ya kutuma, nisije nikakosea.
Amejibu: “Asante, Masika.”
Bibi aliita. Bado mistari minne.