Firigisi Mpe Yeye

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Bungoma tu wazima. Babu yako anakohoa, lakini si korona. Nawe huko Sydney, usitoke ovyo wakati huu mmefungiwa.

Umeniuliza kwa nini Sunita, Mhindi mnayeishi naye, huwapikia wote, hula makombo jikoni akisema ameshiba, kisha anazirai kazini. Umesema kwao ni Dalit, watu ambao wengine hawagusi hata vyombo vyao, na wanawake wao hula mwisho.

Namjua huyo. Kwetu zamani mila ilimkataza mwanamke kula kuku. Mama alipokuwa na mimba ya mwisho, damu imempungua, alipika kuku, akamwita baba aonje chumvi, maana yeye hakuruhusiwa hata kulamba mwiko. Nikauliza, "Na wewe, Mama?" Akajibu, "Nimeshiba." Alifariki akijifungua. Matangani kuku walichinjwa, sisi tukapika, wanaume wakala.

Usimuulize Sunita kama amekula. Korona imewafundisha ninyi kukaa mbali na watu; yeye watu wamekaa mbali naye tangu azaliwe. Pika kuku, keti naye, mle sahani moja, na firigisi, ambayo kwetu huwekewa mwenye nyumba, umpe yeye. Mama yangu alizikwa hajaijua ladha yake.

Nyanya yako