Ni Mimi Niliyemrukisha Rula

Umoja, Nairobi

Mdogo wangu Nekesa,

Habari za huko nyumbani Bungoma? Magoti ya mama yanaendeleaje na baridi hii? Mahindi mmeshapalilia? Huku sisi tu wazima, mimi, wifi yako na binti yetu Sharoni. Simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Naandika kuhusu Rula, na jambo nililokusingizia.

Unakumbuka tulivyompata ulipokuwa ukiishi nasi huku. Yule mama wa ofisini kwetu alipohamishwa alituachia mbwa wake, dachshund, mwili mrefu na vijiguu vifupi, na Sharoni akasema ni mrefu kama rula ya shule. Nilimcheka mbwa huyo. Wiki mbili tu, nyumba nzima ikawa yake. Mkaidi ajabu: ukimwita anakutazama kwanza, akiamua ndipo aje. Sauti nzito, hata watu wa ghorofa ya chini walidhani tumefuga dude kubwa. Panya wa jikoni walihama. Na vile alivyojichimbia ndani ya blanketi lako mpaka inabaki pua tu! Alitupenda sote, lakini aliyengojewa mlangoni kila jioni ni wewe.

Yule mama alinionya: mgongo wake ni mrefu, asiruke kutoka juu, asishuke ngazi peke yake. Nilisikia vizuri kabisa.

Ile Jumapili ulipokuwa umeenda soko la Burma kununua nyama, na wifi yako na Sharoni wako kanisani, wenzangu watatu wa kazini walinitembelea. Wakaanza kicheko. "Buda, hii dogi ni ndefu aje! Inaweza kuruka kweli?" Niliona kama wananicheka mimi. Nikampandisha Rula juu ya meza, nikashika chini kipande cha mutura, ile soseji ya damu. Akaruka. Wakapiga makofi. Nikampandisha tena. Mara ya tatu alisita, akanitazama. Nikamwita kwa ukali. Aliruka kwa sababu ni mimi niliyemwita, Nekesa. Alilia mara moja tu, na miguu ya nyuma ikalala.

Wageni waliaga upesi. Ukafika wewe na nyama mkononi, na wifi yako nyuma yako akauliza, "Rula amefanyaje?"

Nikasema, "Nekesa aliacha mlango wazi, akaanguka kwenye ngazi."

Wewe ulisema tu, "Kaka, mimi?" Nikainama kumpapasa Rula. Sharoni akakupiga ngumi za tumbo huku analia, na nilimwacha akupige. Asubuhi ulifunga begi. Kisha nikampigia mama nikamwambia ni uzembe wako, na najua amekusema mbele ya watu.

Daktari wa mifugo aliagiza Rula afungiwe kwenye boksi wiki kadhaa bila kutembea. Sasa anatembea, ila mguu mmoja anauburuta, na ngazi tunambeba. Nikitoka kazini anajikokota mpaka nilipo, mkia unapiga sakafu, ananilamba mkono uleule uliompandisha mezani. Hana kinyongo hata kidogo. Angeniuma ningevumilia.

Kilichonivunja ni Sharoni. Juzi aliombea chakula akaongeza, "Mungu, msamehe anti Nekesa, hakukusudia." Nikawaambia yote palepale mezani. Wifi yako aliinuka akaondoa sahani, na mpaka leo anaongea nami kupitia mtoto. Sharoni aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo anti alilia bure?"

Nikatoka nje kukupigia simu, hukupokea.

Sikuandikii ili urudi. Sina uso wa kukuomba hilo. Wala sikuandikii unionee huruma, maana siku ile mimi sikukuhurumia.

Nisalimie mama, mjomba anayetuchungia ng'ombe, na shangazi yetu wa kwaya. Wakikusanyika Jumapili baada ya chakula, wasomee barua hii kwa sauti, yote, usifiche mstari hata mmoja kwa ajili yangu.

Kaka yako, na aibu yangu yote,
Wafula