Nyasi Mbichi Sebuleni

Jumatano, Ijuganyondo. Mvua ya asubuhi imekatika, migomba bado inadondosha maji. Mimi ni mzima.

Naanza na uzima kwa sababu leo kuna watu walioutilia shaka.

Wiki iliyopita muuguzi wa zahanati alinipima presha, akatazama kipimo, akapima tena. Alisema nipunguze chumvi, nilale mapema, na kila siku nikae kidogo bila kazi wala simu. Ijumaa narudi. Isiposhuka, naanza vidonge. Mama alianguka shambani kwa presha, jembe mkononi, kwa hiyo sikubishana.

Chumvi nimeiweza. Kulala nako nimeweza. Kukaa ndiko kunakonishinda. Nikikaa naona magugu, naona vyombo, naona cherehani na gauni la mtu.

Leo niliamua kukaa kwa utaratibu. Nilikata nyasi, nikazitandaza sebuleni kama mama alivyokuwa akitandaza kila Krismasi, maana harufu yake hunituliza. Nikazima simu. Nikaketi chini, miguu nimenyoosha, natafuna punje za kahawa kavu, kama tutafunavyo kwetu. Mlango nikauacha wazi.

Nilitulia kweli.

Sikufikiria ninavyoonekana kutoka njiani. Katikati ya wiki, si sikukuu, nyasi mbichi zimetandazwa kama za kukalia waombolezaji, shambani hakuna mtu, na mwanamke ameketi chini kimya. Kwetu hapo huulizi. Ni msiba.

Jirani yangu Ma Koku alipita, akaona, akampigia kaka yangu Deo, anayeuza dagaa Kemondo. Deo akanipigia mimi, simu imezimwa. Nilichosikia ni pikipiki uani, kisha Deo mlangoni, jasho linamtiririka, na nyuma yake Ma Koku na mkungu wa ndizi kichwani.

"Nani?" Deo akauliza.

"Nani nini?"

"Aliyekufa!"

"Hakuna. Napumzika."

Ma Koku akautua mkungu. "Waitu! Kupumzika gani huku, mchana kweupe, na wala huumwi? Basi ndizi zangu narudi nazo."

Alicheka mpaka akashika mlango. Ndizi hakurudi nazo. Alichukua kisu jikoni, akakaa kizingitini, akaanza kumenya.

Nilitegemea Deo anigombeze kwa kumkimbiza njia yote ile. Alivua viatu, akaketi kando yangu kwenye nyasi. Nikampa kahawa. Alitafuna muda mrefu.

"Tangu tumzike mama sijakaa chini," alisema.

Mimi pia. Ila sikuwa nimelijua hilo mpaka aliposema yeye.

Tulisikiliza kisu cha Ma Koku.

Presha sijui imeshuka au haijashuka, Ijumaa nitaambiwa. Kesho nitakaa tena, nyasi zilezile, mlango wazi vilevile. Ila kwanza nitapita kwa Ma Koku nimwarifu kwamba hakuna aliyekufa.